Mwali Kwenye Kioo cha Studio

Juzi nilikwenda Dunda, nilikokulia, kupiga picha za harusi, na kwa kuwa nilifika mapema nikamwambia wa bodaboda anishushe njiani nitembee kidogo, niuone mji wetu. Laiti ningejua. Nilipofika pale palipokuwa na studio ya picha zamani, nikasimama. Siku hizi ni duka la simu, wana taa za rangi na spika inayopiga makelele tangu asubuhi, lakini kioo cha mbele ni kile kile, kirefu, kinachotazama njia ya kwenda msikitini. Mtu mzima mimi, nina watoto wangu, nimening'iniza kamera mbili begani, nikavuka barabara nikapita upande wa pili.

Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze.

Nililelewa na shangazi yangu, na shangazi yangu alikuwa na kamera. Mumewe alikuwa baharia, aliiacha nyumbani safari yake ya mwisho, naye akaifanya riziki. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, mwenye mdomo usio na breki. Harusi ikikaribia, wanawake walikuja kumbembeleza utadhani wanamposa yeye. Sababu ni moja tu: chumbani kwa mwali haingii mwanamume, awe mpiga picha, awe nani. Wanaume walipigwa picha zao nje kwenye jamvi na mafundi wao, wamekunja nyuso. Ndani alikuwa shangazi peke yake.

Nami niliingia naye. Mpaka leo nikinusa liwa na maji ya waridi, narudi kwenye vyumba vile: udi unafuka pembeni, vikuba vya asumini vimelowekwa kwenye bakuli, nyuma ya nyumba vitunguu vya pilau vinakaangwa mpaka macho yanawasha, na wanawake wazima, wale wale wanaopita barabarani wameinamisha vichwa, wanacheka na kuimba mambo ambayo sikutakiwa kuyaelewa. Mwali anakaa katikati kwenye mkeka. Wanamsinga mwili kwa liwa, wanampaka hina, nywele zimeachiwa, mabega wazi, khanga moja tu kifuani. Huyo ni mwali ambaye hata bwana harusi bado hajamwona hivyo.

Shangazi alikuwa na utaratibu wake. Mikanda ya picha za nje, za wageni na watoto, aliipeleka studio hivi hivi. Mikanda ya ndani aliifunga uzi mwekundu. Mwenye studio, mtu wa makamo, mpole, mtunza siri, alijua maana yake: haiguswi pale, inapelekwa Dar es Salaam kwa mama mmoja anayesafisha picha, na ikirudi, bahasha haifunguliwi na mtu yeyote isipokuwa shangazi. Makubaliano hayo hawakuwahi kuyaandika. Shangazi akinifundisha kushika kamera aliniambia neno hilo hilo kila mara: "Kabla hujabonyeza, jiulize mkwe wa mwali akiiona itakuwaje." Nilidhani ni maneno ya kunitisha tu.

Basi akaolewa binti wa jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Aliolewa Fukayosi, kwa watu wa dini hasa. Baba mkwe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na wenyeji walisema aliwahi kuvunja posa ya mwanawe mwingine kwa sababu binti alionekana akicheka gengeni. Hilo mama wa mwali alilijua, na tangu siku ya mahari alikuwa akitembea kama amebeba mayai. Siku ya kusingwa, kungwi alimwambia binti jambo sikioni, binti akacheka, akageuza shingo, nywele zikamwagika bega moja, na mwanga wa dirishani ukamwangukia usoni. Shangazi akabonyeza. Nilimsikia akisema polepole, "Hii, mwanangu, hii ndiyo."

Harusi ikapita salama, binti akapelekwa kwa mumewe, sisi tukarudi kwenye vitumbua vyetu vya asubuhi.

Ijumaa moja, ni likizo ya shule, shangazi akanituma dukani kununua sukari. Nilipita mbele ya studio nikiimba. Nikatupa jicho kwenye kioo, maana tulizoea kutazama picha wanazotundika kuvutia wateja: watoto wenye soksi nyeupe, vijana wenye miwani nyeusi. Pale katikati, imekuzwa, yuko mwali wetu. Anacheka. Nywele begani. Khanga kifuani. Ukubwa wa sinia.

Sijui kama umewahi kuogopa ukiwa mtoto, kuogopa hasa, mpaka masikio yanaziba. Sukari sikununua. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamkuta shangazi anachambua mchele. Nikalia tu. Alinishika mabega akanitikisa. "Nini? Nani kakupiga?" Nikasema, "Yuko kwenye kioo cha studio, shangazi. Hana baibui."

Ungo ulimtoka mikononi. Mchele wote chini, na hakuutazama. Alisema neno moja tu: "Ijumaa." Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Mwalimu wa chuo, yule baba mkwe, kila Ijumaa alikuja mjini kwa baiskeli kusali, na njia yake ni ile.

Tulifika tukihema. Mlango wa studio una kufuli. Muuza kahawa wa jirani akatuambia mwenye studio amesafiri msibani, anayeshika duka ni nduguye aliyetoka bara, naye amekwenda kuoga ajiandae kwa sala. Ndugu yule hakujua habari ya uzi. Bahasha ilirudi kutoka Dar, akaifungua, akaona picha nzuri, akaituma ikuzwe, akaitundika. Masikini, alidhani anamfanyia shangazi heshima.

Wanaume walikwishaanza kupita, kanzu zimepigwa pasi, wengine wawili wawili. Shangazi akavua khanga yake ya juu, akaiweka mikononi mwangu. "Simama hapa. Itandaze. Usimwachie mtu. Mimi nafuata ufunguo." Akaondoka mbio, yeye mwanamke mwenye heshima zake, kichwa wazi barabarani.

Nilisimama nimeupa mgongo ule mji, mikono juu, khanga nimeibana kwenye kioo kwa viganja. Uso wangu ulikuwa karibu na kitambaa, na nyuma ya kitambaa nilijua yuko yeye anacheka. Kila kiatu kilichopita nyuma yangu nilikihesabu. Nilisoma sura zote nilizozijua, nikazichanganya. Nilikuwa na hakika nikishusha mkono tu, binti wa watu anaachwa, mama yake anakufa kwa aibu, na shangazi yangu haitwi tena nyumba yoyote mpaka tufe na njaa. Mtoto hufikiri hivyo, lakini nikikaa nikitazama leo, sikuwa mbali sana na ukweli.

Kisha nikasikia baiskeli inasimama.

"Mtoto."

Niligeuza shingo, mikono nikaiacha palepale. Alikuwa yeye. Ndevu nyeupe, kanzu imekunjwa kwenye mkanda isiingie kwenye mnyororo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Wafanya nini hapo?"

"Naanika khanga, babu."

"Waanika khanga kwenye dirisha la watu?"

"Shangazi kaniambia."

Akaitazama ile khanga, kavu kama karatasi. Akanitazama mimi, jasho na machozi vimechanganyika. Akatazama tena khanga, upande wa chini, ambako kitambaa hakikufika mwisho wa kioo. Muadhini akaanza. Yule mzee akakohoa, akashika usukani wa baiskeli yake. "Haya," akasema. "Ishike vizuri basi, isije ikaanguka." Akaenda zake.

Mpaka leo sijui kama aliona. Alifariki miaka mingi iliyopita na hakuwahi kusema kitu, na binti yule yuko Fukayosi, ana wajukuu. Nimewaza sauti yake ile mara nyingi sana. Kuna siku naamini aliona na akaamua kumsitiri mkwewe. Kuna siku naamini aliona mtoto mwehu tu.

Shangazi alirudi na ufunguo na yule ndugu, ambaye alikuwa ameshikwa na haya hata kofia kaivaa kinyume. Wakaitoa picha. Shangazi akadai zote, na ule mkanda wenyewe uliosafishwa pia, vile vipande vya kahawia ambavyo ungevitazama kwenye mwanga ukaona watu weusi wenye nywele nyeupe. Bila kupita nyumbani tukaenda moja kwa moja kwa mama wa mwali.

Shangazi akamsimulia yote. Yule mama akawasha jiko la mkaa, akalipepea, akakaa kwenye kigoda. Shangazi akaziweka moja moja. Mkanda ulijikunja, ukatoa moshi mbaya unaokaba koo. Ile kubwa ikawa ya mwisho. Shangazi aliishika kitambo, nikaona midomo yake inacheza, maana katika maisha yake yote hakuwahi kupiga picha nzuri kama ile, na alijua hatapiga tena. Akaiweka. Mama wa mwali akachukua kijiti akayakoroga majivu mpaka hakikubaki kipande cha ukubwa wa ukucha. Ndipo akashusha pumzi. Akamwambia shangazi, "Sasa nitalala."

Tangu hapo shangazi mikanda ya ndani aliipeleka Dar mwenyewe, akakaa kwenye benchi mpaka isafishwe.

Kazi hii nimeirithi kwake, na woga wake nimeurithi pia. Wanaonisifu husema nina jicho la pekee: napenda kupiga viganja vya hina, visigino, shingo kwa nyuma, mkono wa kungwi juu ya nywele. Huuita ufundi. Kamera zangu za ndani hazigusi mtandao, simu za wageni tunazikusanya kwenye kapu mlangoni, na bado nakagua madirisha. Nyuso napiga pale tu mwali mwenyewe anaponiomba, na hata hapo mkono unasita.

Mwezi uliopita, Makurunge, mwali mmoja aliniomba nifute picha yake moja. Nikaifuta mbele ya macho yake, nikampa kamera ahakikishe. Akabonyeza, akarudi nyuma, akabonyeza tena. Binti wa leo huyo, amezaliwa na simu mkononi, anayajua mambo haya kunishinda. Akaniuliza, "Sasa dada, nitajuaje kama kweli haipo?"

Nikaitazama kamera mikononi mwake; haitoi majivu ya kukoroga.