Vidonge vya Njano na Vyeupe

Mama yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi kule Kitahana, Kibondo, na wanawake wa nyumba zake walimsikiliza kuliko walivyowasikiliza waume zao. Shida yake ilikuwa kibofu. Kikisema sasa, ni sasa.

Mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa, ofisa wa chama alikuja kutuhutubia. Hakufika mbali, Mama akainuka, akakaza kanga, akaelekea migombani. Wanawake wakatazamana. Kama balozi kaondoka, wao wabaki kufanya nini? Wakamfuata. Ofisa akabaki na wanaume na mbuzi.

Mama aliporudi alimkuta amefura.

"Balozi, unagomea chama mbele yangu?"

"Sigomi, mwanangu. Nilikwenda kukojoa."

"Na hawa wote?"

Mama akageuka, akawaona. "Hao sijui. Waulize wenyewe."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama hakucheka. Mimi nilikuwa mwalimu Kasulu, nimekuja likizo, nikaona aibu ilivyomwingia. Nikarudi naye Kasulu, nikampeleka hospitali.

Daktari alipima mkojo, akasema si sukari wala kichocho. Kibofu chenyewe kina haraka. Akampa vidonge vya njano, vinang'aa kama punje za mahindi. "Mdomo utakauka, Mama. Usiogope."

Mdomo ulikauka kweli, hata kanisani hakuweza kuimba, lakini alikaa ibada nzima, pamoja na matangazo.

Vilipokwisha nikaenda kumchukulia vingine. Safari hii dirishani nikapewa vyeupe, havina mng'ao, vichungu. "Dawa ni ileile," mtoa dawa akanieleza. "Vile vya njano ni vya kampuni iliyoivumbua. Hivi vimetengenezwa na kiwanda kingine, bei yake ni rahisi zaidi. Jina na rangi tu ndivyo vilivyo tofauti."

Likizo iliyofuata nikampelekea Mama kule Kitahana, pamoja na maelezo yake. Akanusa kimoja, akakikataa kwa Kiha.

"Oya, sitaki! Hii chaki umeitoa darasani kwako."

"Mama, ni dawa ileile."

"Kama ni ileile, mbona imevua nguo?"

Akavifungia sandukuni, akarudia njia yake ya migombani. Kisha zikaja habari kwamba ofisa anarudi. Kuanzia siku hiyo Mama akawa anameza chaki yangu kila asubuhi, huku amenikunjia uso.

Mkutano ulikuwa mrefu kuliko ule wa kwanza. Mama alitulia. Wanawake nao, waliokwisha kukemewa, waliapa kutoinuka kabla yake. Jua lilipoanza kushuka, jirani yake akamvuta kanga. "Balozi, inuka basi, tunakufa!" Mama alitaka kumjibu, ulimi ukagoma kwa ukavu. Akanitazama, akaonyesha mdomo wake, akatikisa kichwa kukubali. Ileile.

Mwishoni ofisa akauliza kama kuna mwenye swali. Mama hakuwa amewahi kufika sehemu hiyo ya mkutano. Akaomba kibuyu cha maji, akanywa, akasimama.

"Mihogo yetu iko ardhini, haijakomaa. Tukihama sasa, nani atakuja kuing'oa?"

Ofisa akapekua karatasi zake. Akasema atakwenda kuuliza wilayani.

Wanawake hawakungoja ashukuriwe; walikwisha kukimbilia migombani. Tulihama baada ya kuvuna.