Bustani ya Mchicha Uani Jeppestown

Juzi nilipita Jeppestown, hapa Johannesburg, ndugu yangu, nikakuta ile nyumba tuliyokuwa tumepanga imewekwa geti la chuma na ua wote umemwagwa zege. Magari mabovu yamejipanga pale palipokuwa na mchicha wangu. Nikasimama. Utoto wangu mimi ulipita Tanga, zamani sana. Uliobaki chini ya zege lile ni utoto wa mjukuu wangu.

Ilikuwa mwaka 2016, naye ana miaka mitano. Asubuhi anamwagilia kwa kopo la maziwa, anaimba Kizulu, na gereji ya jirani wanasaga vyuma mpaka meno yanakufa ganzi. Jioni nachuma mchicha na bamia, natia nazi ya kopo, nyumba nzima inanukia. Mwenye nyumba, bibi mmoja Mzulu, alinipa kile kipande cha ardhi kwa sharti moja: siku akisikia wapangaji wanagombana uani, anang'oa kila kitu. Na huyo alikuwa hasemi mara mbili.

Sasa mbwa. Alikuwa wa fundi cherehani, Mkongo wa chumba cha nyuma. Mbwa mkubwa, wa manjano, hana haraka. Analala juu ya miche, akiamka anakojolea majani. Kwetu sisi Waislamu mbwa akiramba sufuria unaiosha mara saba, moja kwa udongo; mchicha utauosha vipi mara saba? Na Ramadhani ilikuwa mlangoni, majirani wananitegemea kwa futari. Mwenye nyumba akanionyesha dawa ya kwao: jaza maji chupa za plastiki, zilaze bustanini, mbwa hasogei. Nikazilaza. Mbwa akazikojolea na zenyewe.

Ndipo nikamwagiza mkwe wangu, aliyekuwa akifyeka bustani kule Braamfontein, aniletee matawi ya yale maua ya ukutani yenye miiba. Nikazungushia. Kesho yake mchana nasikia mbwa analia, kachanika kifua. Fundi akatoka na tepu shingoni, macho mekundu. Na mwenye nyumba kaketi mlangoni kwake anamenya viazi, masikio yote kwetu. Kiswahili hakijui. Sauti ya ugomvi anaijua.

Fundi akamwona, akameza hasira, akatoa meno.

"Maman," akasema taratibu kwa Kiswahili cha kwao Kongo, kama mtu anayeniamkia, "umeniumizia imbwa. Roho yako njo iko hivi?"

Nami nikacheka. "Baba, mbwa wako anakojolea futari ya watu. Hana adabu. Sijui kaiga kwa nani."

"Asante, maman. Weye una miiba kuliko haya maua."

"Karibu sana, baba. Akirudi, nakuzungushia na wewe."

Tunatabasamu hivyo. Mwenye nyumba akaweka kisu chini. Akamwita mjukuu wangu, akamuuliza kwa Kizulu: hao wanasemaje?

Yule mtoto nilimchapa kwa jambo moja tu maishani mwake, uongo. Akanitazama mimi. Akamtazama fundi. Kisha akajibu kwa Kizulu, maneno machache ambayo hata mimi niliyaelewa: wanaongea habari za maua.

Bibi akarudi kwenye viazi vyake.

Hata leo sijui kama ule ulikuwa uongo. Sikumuuliza.

Jioni ile fundi alishona mifuko ya unga wa mahindi ikawa ukuta, akanisaidia kuondoa miiba. Mbwa alipoacha kuuona mchicha, hakuutaka tena. Alilala upande wake, nami nikipalilia namsikia anahema.

Nyumba ikauzwa, tukaambiwa tutoke. Fundi alikwenda na mbwa wake, sijui wapi. Bibi akachukuliwa na wanawe. Mjukuu wangu siku hizi ananijibu Kiingereza hata nikimwita kula. Huku ghorofani tulikohamia tunakaa kwa amani, kila mtu na mlango wake. Wiki nzima inapita, hakuna aliyenikasirikia.