Sebule ya Kutazama

Niliporudi kutoka Singida kwenye harusi ya mdogo wangu, nilifungua mlango wa fleti yangu nikadhani nimekosea ghorofa. Nikatoka tena kutazama namba. Ilikuwa yangu. Nyuma yangu binti yangu alikuwa ameinua simu ananipiga video, maana alitaka kuinasa furaha yangu.

Yeye anaishi peke yake upande mwingine wa Toronto, na ufunguo wa kwangu anao. Nilipokuwa safarini alichukua likizo fupi kazini, akaita marafiki zake, wakaigeuza sebule yangu kuanzia dari mpaka sakafu. Ilikuwa zawadi. Nasema hivyo mapema kwa sababu ndiyo iliyonifunga mdomo. Mtu akikuibia unapiga kelele, lakini akikupa zawadi unasema asante.

Nikasema asante. Nikazungukazunguka katikati ya weupe ule nikiwa na koti langu bado mwilini.

Makochi yangu yalikuwa ya mahameli, rangi ya damu ya mzee. Niliyapata kwa familia moja iliyokuwa inahamia Mississauga, na yalikuwa yameshabonyea pale panapostahili kubonyea. Juu ya mikono yake nilitandika vitambaa nilivyofuma mwenyewe. Chini palikuwa na zulia nene, na dirishani mapazia mazito ya kushona, maana majengo yetu ya St. James Town ni ya zamani na upepo wa Januari hauna haja ya mlango. Sasa hakikuwapo hata kimoja. Kulikuwa na kochi moja refu, jeupe kama maziwa, lenye miguu myembamba ya mwanambuzi. Kiti chake kilikuwa kirefu kwenda nyuma kiasi kwamba nikiegemea, miguu yangu inaning'inia, na nikishusha miguu, mgongo hauna pa kuegemea. Dirishani aliweka kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, na baridi pia. Juu ya meza ya kioo kulikuwa na chombo chenye vijiti vikavu. Nikamwuliza ni vya nini. Akaniambia ni vya kupendeza tu.

Mimi ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nasimama kuanzia uji wa asubuhi hadi supu ya jioni, na nikifika nyumbani miguu imevimba. Haja yangu ni moja: mahali pa kujitupa. Wiki ile ya kwanza nilijaribu kwa moyo mweupe kulizoea lile kochi. Nilikaa upande, nikakaa kwa kukunja miguu kama mtoto wa chekechea, nikaweka mto mgongoni. Binti akapita, nikamwambia mgongo unauma; akauona mto umelala, akaunyoosha akasema usiegemewe sana, utapoteza umbo. Mto, eti usiegemewe. Nikahamia jikoni, nikawa nakula, nasali na kuongea na simu nikiwa kwenye stuli.

Kina mama wenzangu wa kanisani walipokuja kwa ibada ya nyumbani, waliisifu sebule kwa zamu. Mmoja akaomba binti yangu akamtengenezee na yeye. Lakini niliwaangalia walivyokaa, wima, mikoba magotini, kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye mahojiano ya viza. Ibada ilipoisha hakuna aliyebaki kupiga soga. Zamani walikuwa wanavua viatu, wanajinyoosha kwenye zulia, tunacheka mpaka mtu akumbuke kwamba kesho ni kazi. Siku hiyo chai waliinywa jikoni wamesimama, wakiogopa kumwaga tone juu ya ule weupe, wakaondoka mapema. Nikaosha vikombe nikiwa na hasira nisiyojua niielekeze wapi.

Nilipata pa kuielekeza siku jirani yangu aliponikaribisha kwake. Ni mama wa Kikongo, anakaa mlango unaotazamana na wangu, na tulikuwa tunajuana kwa salamu za kwenye lifti. Nilimpelekea vitenge nilivyomletea kutoka nyumbani. Akafungua mlango, na pale kando ya televisheni nikaliona kochi langu dogo la mtu mmoja. Kitambaa changu bado kilikuwa juu ya mkono wa kochi.

Akaniambia bila kuficha. Aliwaona vijana wanateremsha vitu vyangu hadi kule chini tunakotupa takataka kubwa, akadhani nimehama. Kochi refu lilikuwa limeshanyeshewa theluji. Hili dogo alimwita mumewe wakalipandisha.

"Ikala, mama," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, akinionyesha kochi. "Karibu."

Nikakaribishwa kwenye kiti changu mwenyewe. Nilipoketi, mgongo wangu ulilitambua kochi kabla yangu. Nilitaka kulia, na pia nilitaka kumpigia binti yangu simu nimwambie maneno ambayo mama hapaswi kuyasema.

Sikumpigia. Nilichofanya ni kuzoea kupita kwa jirani kila nitokapo kazini. Nilikuwa na visingizio: leo nimeleta maandazi, leo nimeishiwa chumvi. Yule mama hakuniuliza kitu. Alinipisha, mumewe naye, mtu mpole, akahamia kiti cha mezani mpaka niondoke. Hilo nalo lilinichoma. Nilikuwa namtoa mzee wa watu kwenye kiti chake, kwa sababu nyumbani kwangu kuna kochi lisilokalika.

Jumapili moja binti yangu alikuja bila taarifa, akanikosa, akasikia mkoromo wangu ng'ambo ya korido. Alipofunguliwa alinikuta nimelala fofofo, viatu viko chini, mdomo wazi. Nikaamka akiwa amesimama juu yangu.

Yeye Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza, nami humjibu kwa Kiswahili, na hivyo ndivyo tumegombana maisha yetu yote. Aliniuliza ni tangu lini nashinda huku. Nikamwambia karibu tangu nirudi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mgongo unauma. Ukaninyooshea mto."

Akasema alitaka niwe na mahali pazuri, nisione aibu watu wakija.

"Watu wanakuja mara moja kwa mwezi," nikamwambia. "Mimi nakuja kila siku."

Uso ulimshuka. Halafu akafanya jambo lililonitia aibu kuliko yote: akamgeukia mwenye nyumba akamwomba aturudishie kochi. Yule mama alitabasamu, lakini hakuyumba. Alisema kitu kilitupwa, yeye akakiokota, na sasa mzee wake amekizoea. Alikuwa na haki. Nikavaa viatu vyangu, nikaomba radhi, nikamvuta binti yangu mkono.

Hatukuongea mpaka Jumamosi iliyofuata, alipokuja kunichukua twende kwenye duka la mitumba kutafuta kiti. Nilikaa kwenye kila kiti kilichokuwa mle ndani. Vile alivyovipenda yeye nilivikalia kidogo nikainuka. Mwishoni, nyuma ya makabati, nikalikuta kochi la kahawia, kubwa, lenye mikono mipana ya kuwekea kikombe, limechunika kidogo ubavuni. Nikaketi. Miguu ikafika chini, mgongo ukapata ukuta wake. Nikafumba macho.

"Mama, hilo hapana," akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili.

"Hili ndilo."

Akabishana nami pale pale dukani, kwamba litaharibu sebule nzima, kwamba tungoje tupate la rangi ya kufanana. Sikuinuka. Muuzaji alipita, akatutazama, akarudi tena. Hatimaye binti yangu akaenda kuulizia gari la kulibebea, akitembea kama aliyeshindwa kesi.

Kochi lipo dirishani sasa, karibu na hita, na nimetundika pazia zito nililolishona mwenyewe. Weupe uliobaki nimeuacha ulivyo. Sina nguvu ya vita vya pili. Ila hatujamalizana. Kila akija, kabla hajavua koti, binti yangu hutandaza shuka la rangi ya maziwa juu ya lile kochi, analichomeka kwenye pembe, anarudi nyuma kulitazama. Akienda zake nalitoa, maana linateleza. Wiki iliyopita nimelitumia kufunikia unga wa maandazi uumuke.