Sigara za Mshindi wa Palizi

Msomaji wangu, Jumanne tulimzika rafiki yangu mmoja pale Kapseret, mtu aliyekuwa mwepesi wa jembe kuliko yeyote niliyemwona katika mashamba haya ya Eldoret. Hospitali ilisema ni saratani ya mapafu. Mjane wake akaniuliza, "Hii ni ugonjwa ya namna gani, Karani? Huyu hata pombe alikuwa hagusi." Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu. Nilisema uongo, na mpaka leo naona aibu.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa karani wa shamba la mzungu mmoja. Kila Jumamosi, baada ya kugawa posho ya unga na chumvi, nilimwita mbele mtu aliyewashinda wenzake kupalilia mahindi wiki hiyo, nikampa pakiti ya sigara, nasi sote tukapiga makofi. Rafiki yangu alikuja kutoka Maragoli akiwa mtu wa kanisa. Pakiti ya kwanza alinirudishia. Wenzake wakamcheka, mnyapara akasema ana kiburi, basi akajifunza kuvuta. Na kwa kuwa hakuna aliyemshinda kupalilia, hakuna aliyemshinda kuvuta.

Miaka mitatu iliyopita gazeti la yule mzungu, ambaye sote tulimwita Bwana, lilileta habari kwamba madaktari wa ng'ambo wamewapaka panya lami ya moshi wa sigara, na panya wakaota uvimbe wa saratani. Bwana akasoma, akaacha kiko chake siku hiyo hiyo. Nikajikaza, nikamwuliza kama tusimamishe zile pakiti.

"Hapana," akasema. "Serikali bado nafikiri. Na hawa watu nafanya kazi inje, hewa mingi sana."

Serikali inafikiri mpaka leo. Ushuru wa sigara inautoza bila kufikiri.

Lakini siwezi kujificha nyuma ya Bwana. Jumamosi iliyofuata rafiki yangu alikuja mbele akikohoa, akanyoosha mikono yote miwili kwa adabu. "Karani, leo nimewapiga tena!" Nikampa pakiti, nikapiga makofi pamoja na wengine. Niliogopa kupoteza kazi.

Tumezoea kusema watu wetu wanakufa kwa kutojua, kana kwamba kutojua ni mvua, inanyesha yenyewe. Madaktari walijua. Serikali ilijua. Bwana alijua, nami nilijua. Aliyebaki bila kuambiwa ni yule mmoja aliyekuwa akivuta.