Mlio Niliousikia Nikaupuuza

Siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu, ni ile niliyosimama mbele ya redio ya mawasiliano ya kituo kimoja cha afya hapa Kalemie, mita ya kupimia umeme mkononi, jasho likinitoka. Nesi wa Mpala, kijiji cha mbali kando ya ziwa, alikuwa akituita. Dada yangu Yozefina alikuwa kwake akijifungua tangu alfajiri, mtoto amekwama, na sisi tulitaka kujua kama tupeleke boti na daktari. Kilichotoka kwenye redio ni mlio mzito tu, na sauti ya nesi imezama ndani yake.

Kifaa cha kuipa redio ile umeme nilikiunda mimi. Umeme wa ukutani huenda na kurudi. Diode nne huugeuza wote uelekee upande mmoja, kisha kondensa, kikopo kinachotunza umeme kidogo, hujaza mabonde yanayobaki ili utoke umetulia. Diode zangu nilizichomoa kwenye televisheni mbovu, kama tulivyofanya wote, maana mpya tungezipata wapi? Siku mbili kabla, nilipokifunga kifaa, mlio ule niliusikia. Nikaona aibu kukifungua tena mbele ya watu waliokwisha kuniita fundi. Nikapima volti, nikakuta kumi na mbili, nikaenda zangu. Ujana huo, mwanangu, una masikio lakini una kiburi pia.

Sasa nilipima tena na tena, kila mara nikiizima redio kwanza. Kumi na mbili. Bado niliing'ang'ania mita kana kwamba ndiyo ingemtoa dada yangu Mpala. Saa mbili zilipita hivyo, ndipo mtu akamwita Papa Salehe, fundi mzee wa redio wa mtaa wetu. Hakugusa kitu. Alisikiliza kwanza.

"Ulipima redio ikiwa imezimwa?" aliniuliza.

"Ndiyo, Papa."

"Basi haukupima kitu. Mulio huu ni munene sana, mutoto. Diode moja imekufa, nusu ya umeme haipite, na kondensa inachoka kujaza shimo. Lakini dada yako hawezi kungojea tutengeneze. Leta batri ya gari!"

Tukaunganisha batri. Mlio ukakatika papo hapo, na nesi akasikika waziwazi: "Leteni daktari, anapoteza damu!"

Boti iliondoka. Dada yangu alipona. Mtoto hakuwahiwa, alikufa. Hakuna aliyenilaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba mlio ule nilikuwa nimeusikia siku mbili kabla. Leo nakuambia wewe, na moyo unanienda mbio kama siku ile.

Basi wewe unayejifunza kazi hii, usipime kifaa kikiwa kimepumzika. Kipime kikiwa kimebeba mzigo wake. Volti zikikuridhisha, geuza mita upande wa umeme wa kwenda na kurudi, uone ni mawimbi kiasi gani yamebaki. Kikinguruma, sema "nimekosea" siku hiyohiyo, hata mbele ya waliokusifu, kisha uwaulize wanaojua, kwani kuuliza si ujinga. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikujenga ukuta, mwanangu. Nilichimba kaburi dogo kule Mpala.

Mungu akupe sikio lisilojidanganya, na kazi ya mikono yako isimzuie mama yeyote kusikika. Amina.