Albina Anamsindikiza Erasmo

Shemeji yangu Albina hana adabu hata kidogo, na nampenda hivyo hivyo. Kwetu Wararamuri, watu wa milimani Meksiko, mtu na shemeji yake wana ruhusa ya kutaniana mpaka wazee wazibe masikio, naye ruhusa hiyo huitumia yote. Tangu kaka yangu Erasmo amwoe, sijapita mlangoni kwake bila kuambiwa kwamba nakimbia kama bata mzinga.

Erasmo alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Mwanamume hufanyiwa karamu tatu za kumsindikiza, mwanamke nne, eti kwa sababu wanawake hupanda polepole kwenda juu. Aliyesema hivyo hakumwona Albina akikimbia. Katika karamu ya mwisho wanawake hukimbia usiku kucha kwa ajili ya marehemu. Kila mmoja ana fimbo na pete ya majani yaliyosokotwa, hairushi kwa mkono, ila kwa fimbo tu. Mjane wake akishavuka mawe yaliyopangwa mwisho wa mbio, marehemu ameondoka na haitwi tena.

Miaka yote, katika mbio za usiku, Erasmo ndiye aliyemshikia Albina mwenge. Safari hii, katika karamu yake ya tatu, niliushika mimi.

"Shemeji, ukijikwaa usinishike sketi," akasema mbele ya watu wote. "Watasema hatukumngoja hata marehemu afike."

"Nikushike wewe? Afadhali nikumbatie mpungate na miiba yake!"

Watu wakacheka, tukateremka korongoni.

Mwenge wa msonobari hunukia vizuri ukiwa wa mwenzako. Ukiwa wako, utomvu wa moto unakudondokea mkononi na moshi unakujaa machoni. Mwanga wenyewe unafika hatua chache tu, pengine pote ni kazi ya miguu. Kule chini baridi ilitupanda magotini kama tumeingia mtoni. Tulipopanda tena, miamba ilikuwa bado na joto la mchana, nikalisikia shavuni bila kugusa kitu. Mbele yangu makatambuga ya Albina yalichapa changarawe, na kwato za kulungu alizofunga kwenye mshipi ziligongana kwa kila hatua. Pete aliirusha gizani, mimi siioni, yeye anasikia ilipoangukia na kwenda moja kwa moja. Kila tulipomaliza mzunguko tulipewa unga wa mahindi ya kukaanga uliokorogwa kwa maji. Kweli, sijawahi kunywa kitu kitamu vile.

Mzunguko wa mwisho ndipo mambo yalipoharibika. Albina alianza kuirusha pete karibu karibu, kama mtoto anayejifunza. Wenzake wakatupita. Kisha akainama kufunga kamba ya katambuga, na kamba ilikuwa imefungwa.

"Umechoka?"

"Sijachoka."

"Sasa nini? Watu wanangoja."

"Wangoje."

Hasira ilinipanda. Mwanamke huyu hajawahi kumngoja mtu yeyote, aje aanze leo, usiku wa kaka yangu! Nikamsogezea mwenge usoni nimgombeze, nikaona machozi.

"Maisha yetu yote nilikuwa namwacha nyuma," akasema. "Namsikia anahema huko na mwenge wake, ananitukana nimngoje. Sikumngoja hata siku moja, shemeji. Na leo nikivuka yale mawe, ndiyo basi."

Mimi si mtu wa maneno, na mwenyewe nilikuwa namtaka kaka yangu abaki.

"Amesimama tu gizani, Albina," nikasema. "Anapigwa na baridi."

Akapenga kamasi kwa sketi yake ya juu, akainuka, akaligeukia korongo.

"Erasmo!" akapaza sauti. "Nenda! Mbuzi wako wapo, mahindi yapo, mimi nimekula nimeshiba. Usikae hapo kunitazama, utapata ugonjwa tena. Nenda, mume wangu, nenda!"

Akaipiga pete kwa nguvu zake zote, akaondoka. Sijawahi kumwona akikimbia vile, hata alipokuwa msichana. Nilimfuata kwa mlio wa zile kwato tu, nahema na mwenge wangu, nalia kwa sauti kama mtoto, kwa sababu kaka yangu alikuwa anakwenda kweli.