Mzee Hezroni Anaombwa Neno Moja

Ifahamike kwa wote kwamba ahadi ya ndoa ni ile tu iliyotamkwa kwa kinywa mbele ya mchungaji, ikasikiwa na mashahidi wawili. Ahadi isiyotamkwa si ahadi. Iliyotamkwa isisikike, nayo si ahadi. Ndivyo lilivyoamua baraza la wazee wa usharika, katika tangazo lililosomwa Jumapili na kubandikwa mlangoni, ambalo liliwaalika wote wanaoishi kama mume na mke bila ahadi hiyo waje wafundishwe, wabarikiwe, na warudishwe kwenye Meza ya Bwana kabla ya Majilio.

Kwa tangazo hilo Hezroni, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye wajukuu wa kujaza benchi, aligundua kwamba hakuwa ameoa.

Alizipokea habari hizo kwa utulivu. Asteria, ambaye kwa mujibu wa tangazo hakuwa mke wake, alikuwa amekaa ubavuni mwake akimpa mjukuu andazi ili anyamaze.

Mbuzi walishapelekwa zamani, pombe ilishanywewa, na wazee wa pande zote mbili walishashikana mikono. Kilichobaki kilikuwa kanisa. Asteria ametoka kwenye ukoo wa Wakatoliki, Hezroni ni Mlutheri wa kuzaliwa. Kila upande uliahidi kulegeza, na kila upande ukamsubiri mwenzake aanze. Wakiwa wanasubiri, Mbonea akazaliwa. Kisha wakazaliwa wengine. Asteria akaishia kusali kwa Walutheri kwa kuwa kanisa lao liko karibu na shamba, lakini saa ya Meza ya Bwana hubaki amekaa, amekunja magoti pembeni ili wenzake wapite kwenda mbele. Amewapisha watu kwa zaidi ya miaka thelathini, na wengine wao aliwajua wakiwa wamebebwa mgongoni.

“Baba Mbonea,” alisema Jumapili ile ya tangazo wakishuka kilima, “mimi nimechoka kukunja magoti.”

“Si uende mbele.”

“Peke yangu nitaendaje? Wanataka uahidi.”

Hezroni akatembea mpaka kwenye mfereji. Alikuwa tayari kutoa mbuzi mwingine. Alikuwa tayari hata kuvaa tai. Tatizo lilikuwa neno lenyewe.

Yeye ni msimamizi wa ndiva, bwawa la udongo la wakulima wa mteremko ule ulio juu ya Makanya. Jioni huziba mlango wake ili maji ya mfereji yalale humo. Asubuhi huuzibua, na maji yakashuka kwa mwenye zamu. Mwenye zamu huja jioni kuuliza, “Mzee, shikamoo. Kesho maji yapo?” Naye hujibu, “Marahaba. Tukiamka.” Hajawahi kumpa mtu jibu refu kuliko hilo. Mwenye zamu huenda nyumbani akanoa jembe.

Si kwamba neno ahadi hakulijua. Alikuwa amelisikia kupita kiasi. Wagombea walipanda na magari mpaka barabara inapoishia, wakashuka, wakapangusa vumbi, wakaahidi kuiendeleza kuanzia pale. Fundi wa Same mjini aliahidi mlango wa nyumba wa mbao kavu, na mlango ule hadi leo hufungwa kwa bega. Mbonea, aliye Dar es Salaam, huahidi kila mwaka kuja Krismasi, na safari hii aliongeza “kabisa”, jambo lililompa mama yake wasiwasi. Simu nayo humwahidi kila siku, kabla hajanywa chai, kwamba yu karibu kushinda.

Katika umri wake wote Hezroni hakumbuki kumsikia mtu akiahidi jambo ambalo lingefanyika hata hivyo. Mwanamke anayekwenda kuchota maji haahidi, anachukua ndoo. Hakuna aliyewahi kuahidi makande, huinjikwa tu. Kwa uchunguzi wake, neno lile huonekana pale shaka ilipokwishaingia, kama dawa zinavyokutwa kwenye nyumba yenye mgonjwa. Sasa kwa nini alilete kwa Asteria, mahali ambapo hakuna anayeumwa?

Hata hivyo alikwenda kwenye mafundisho. Mwalimu alikuwa mwinjilisti Loth, kijana ambaye mwenyewe alikuwa bado anachumbia. Kitabu alichopewa kiliandikwa kwa ajili ya vijana, na hakuwa na ruhusa ya kuruka ukurasa.

“Shikamooni wazee wangu. Leo ni somo la kuchunguzana. Kabla ya kukata shauri, kijana amchunguze mwenzake tabia, hasira, na mazoea yake.”

“Mimi nimeshamaliza,” alisema Asteria.

“Umegundua nini, mama?”

“Anakoroma. Na ukimuuliza swali hajibu.”

Wenzao wa mafundisho wakacheka, wote wakiwa na wajukuu, na mmoja akaanza kumwelezea Loth uchunguzi wake mwenyewe mpaka mumewe akamfinya. Hezroni akasubiri watulie.

“Mwinjilisti, nikuulize. Ya kesho anayajua nani?”

“Mungu, mzee wangu.”

“Basi kwa nini mimi ndiye niyaahidi?”

Loth akafungua kitabu, akakifunga.

“Swali zuri. Tutaliangalia wiki ijayo.”

“Unaahidi?” ikauliza sauti ya dirishani. Alikuwa Zebedayo, mdogo wake Hezroni, ambaye hakuwa na ndoa ya kubariki; alikuwa amekuja kusikiliza tu.

Hezroni akajaribu njia nyingine. Je, akisema “nitajaribu”? Loth alisikitika kwa dhati. Hakuna ibada ya ndoa, alisema, ambayo bwana harusi anajaribu. Asteria alifunga khanga yake upya, ingawa haikuwa imelegea, na Hezroni akaliona hilo.

Majina yao yakaanza kutangazwa kanisani, Jumapili tatu mfululizo kama inavyotakiwa. Mbili zilipita kimya. Ya tatu, Loth aliuliza kama yupo mwenye pingamizi, na alikuwa ameshaanza kugeuza karatasi.

“Ninalo,” alisema Esta.

Esta ni jirani yao, mjane mwenye shamba la maharage chini ya ndiva. Mbuzi wa nje wakasikika wakitafuna. Asteria akageuza shingo taratibu sana.

“Mama, una pingamizi na ndoa hii?”

“Ndoa wafunge, wamechelewa hata hivyo. Nina pingamizi na siku. Jumamosi hiyo ya harusi ni zamu yangu ya maji. Maharage yangu yako kwenye maua. Huyu akiwa huku amening’iniza tai, ndiva atazibua nani?”

“Pingamizi linalotakiwa, mama, ni kama labda ana mke mwingine.”

“Huyu? Mke mwingine angemuona saa ngapi? Asubuhi yuko bwawani, jioni yuko bwawani.”

Kicheko kikaanzia kwa wanakwaya. Loth, akitafuta pa kutokea, akauliza:

“Kwani mzee alikuahidi maji siku hiyo?”

“Hajaniahidi kitu tangu nimfahamu! Alisema ‘tukiamka’. Nami kwa hiyo tukiamka yake nimeshapalilia shamba zima na kukodi watu wawili. Sasa mniambie.”

Baraza la wazee, ambalo halikuwa na kifungu chochote kuhusu maharage, lilikwenda ofisini, likarudi, likaisogeza ibada mpaka saa tano, maji yakiwa yameshashuka.

Kesho yake Hezroni na Asteria walikuwa wanapalilia, mzee tuta hili, mama tuta lile. Hezroni alikuwa na uchungu wa kuchekwa.

“Esta amenifanya sinema.”

“Esta amekusifu, hukusikia tu.” Asteria akang’oa gugu, akalikung’uta udongo. “Nilipolazwa kule Same, wewe ulikuwa unalala wapi?”

“Kwenye benchi la nje. Si unajua.”

“Uliniahidi kwamba utalala pale?”

“Hukuniuliza.”

“Na ule mwaka mahindi yalipokauka yote, nani alishuka Kihurio kuvuna mpunga wa watu, akarudi na gunia begani?”

“Hayo yanaingiaje humu?”

“Yanaingia. Watakuuliza kama utanitunza kwenye ugonjwa na kwenye dhiki. Wewe unafikiri wanauliza ya kesho, ndiyo maana unaogopa. Wewe wajibu ya jana. Ya kesho mimi nitayaona mwenyewe, tukiamka.”

Hezroni alipalilia tuta lake mpaka mwisho, akasimama, akanyoosha mgongo, akaangalia chini Makanya ambako vumbi la machimbo ya jasi lilikuwa linapanda. Kisha akageuka.

“Suti ya Zebedayo itanienea?”

“Mabegani. Tumboni tutaona.”

Jumamosi ile alizibua ndiva kama kawaida, akamwona Esta akiyapokea maji na vibarua wake, akaenda kuoga. Suti ilienea mabegani. Saa tano kanisa lilikuwa limejaa, kwa kuwa watoto na wajukuu wa maharusi peke yao walitosha kulijaza. Mashahidi wa Hezroni na Asteria walikuwa Zebedayo na Esta, ambaye Asteria alimchagua mwenyewe, akisema anataka mtu anayesema wazi. Kwa kukosa nafasi, wote wawili walikaa benchi la nyuma, dirishani.

Jozi tatu za kwanza zilibarikiwa vizuri. Zamu ya nne, ambayo ndiyo yao, ilikuta mvua. Haikuanza kwa manyunyu, ilimwagwa. Kanisa lile limeezekwa bati lisilo na dari. Esta, aliyekuwa amemwagilia asubuhi hiyo hiyo, aliitazama dirishani kama mtu aliyenunua kitu halafu akaona kinagawiwa bure.

Mchungaji alilisoma swali kwa sauti yote aliyojaliwa. Hezroni aliiona midomo ikisimama, akajua amefikiwa. Hakumtazama mchungaji. Alimgeukia Asteria, akakumbuka benchi la Same jinsi lilivyokuwa na msumari, akasema:

“Ndiyo. Naahidi.”

Alilisema kwa sauti yake ya kila siku. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jepesi.

Mchungaji akaweka kiganja sikioni. “Rudia, mzee!”

Hezroni akatikisa kichwa. “Nimeshasema. Nikirudia zitakuwa mbili.”

Hilo nalo halikusikika. Kilichoonekana kilikuwa bwana harusi anayetikisa kichwa madhabahuni, na mchungaji akapauka. Kwaya ikasimama nusu. Asteria akajisogeza mbele, akapiga kelele kama anayemwita mtu ng’ambo ya bonde:

“Kasema!”

“Nini, mama?”

“Kasema! Nimesikia mimi!”

Mchungaji alitazama bati, akatazama jozi zilizobaki, akaifikiria barabara ya kurudi. Akaendelea. Ahadi ya Asteria mwenyewe haikuwa na utata. Ilisikika mpaka nje, kwa waliojikinga mvua ukutani.

Ilipofika Meza ya Bwana, Asteria alikwenda mbele, akapokea, na alipomaliza akarudi kwenye benchi kwa njia ndefu, akizunguka upande wa wanakwaya. Alimkuta Hezroni ameshaketi, akisikiliza bati kwa makini, uso umemkunjuka, akihesabu kichwani mwake mashamba ambayo ndiva ingeyafikia wiki hiyo.

Baada ya ibada, ofisini, Esta na Zebedayo walipewa kalamu. Waliweka sahihi zao chini ya maneno yaliyochapwa, yanayosema kwamba wamezisikia ahadi zote mbili kwa masikio yao wenyewe.